Mtoto Amekata Tamaa Chuoni: Ni Uvivu au ni Ugonjwa?



Kila mwaka, mvua za vuli zinapokaribia, nyumba za kupanga za Mkolani, Nyegezi na Malimbe hupokea wageni. Ni vijana wanaoanza chuo. Wanashuka kwenye basi na godoro lililofungwa kwa kamba, ndoo, sufuria mbili na mfuko wa michembe au matobolwa uliofungashwa na mama. Wengi wao wanakwenda Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino pale Malimbe. Chuo hicho si kigeni kwetu sisi waamini wa Mwanza: kilianza mwaka 1960 kama chuo cha mafunzo ya jamii cha Nyegezi, kwa jitihada za Askofu Joseph Blomjous, na mwaka 1998 Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania likakifanya kuwa chuo kikuu. Wengine wanakwenda kusomea uganga juu ya kilima cha Bugando, na wengine ualimu pale Butimba. Kwa hiyo familia nyingi za parokia zetu zina mwanachuo kwa namna moja au nyingine: ama ni mtoto wetu aliyeko mbali, ama ni mtoto wa mwenzetu aliyepanga chumba cha uani.

Wiki za kwanza utawaona wakipita mapema na madaftari mkononi. Kufikia muhula wa pili, au mwaka wa pili, baadhi yao hawapiti tena. Mlango umefungwa hadi saa nne za asubuhi. Mzazi akipiga simu anaambiwa, "Naendelea vizuri, mama." Habari ya kweli inakuja mwisho wa mwaka, nayo ni kwamba kijana amedisko, yaani chuo kimemwondoa kwa kushindwa mitihani. Hapo baba anauliza ng'ombe aliouza umekwenda wapi, na wote wanakubaliana kwamba mtoto ameharibiwa na mji.

Inawezekana kweli ameharibiwa na mji. Hatukatai kwamba uvivu upo na marafiki wabaya wapo. Lakini sisi wa ukurasa wa afya tunaomba tupewe nafasi ya kuuliza kwanza, kabla hukumu haijatolewa: je, kijana huyu ni mzima? Mara nyingi kile tunachokiita kukosa moyo wa kusoma huanzia kwenye damu, tumboni, kwenye usingizi au katika ugonjwa wa akili ambao haujapewa jina. Mtu wa namna hiyo ukimpa hotuba ya nusu saa kuhusu bidii, utakuwa unampigia ngoma mgonjwa wa miguu.

Tuanze na mwili

Chukua kijana wa mwaka wa pili anayeishi hapa Mkolani. Mwaka wa kwanza alikuwa hodari. Sasa akifungua kitabu, kurasa mbili tu na kichwa kinakuwa kizito. Akipanda kati ya mawe kutoka barabarani hadi chumbani kwake anahema kama mzee. Tumbo linamsumbua siku moja moja, lakini amezoea. Mwenyewe anajiona mvivu. Kumbe tangu alipofika amekuwa akienda ziwani kila Jumamosi kufua na kuogelea.

Kichocho cha tumbo kimeenea sana kandokando ya Ziwa Victoria. Vijidudu vyake hukulia ndani ya konokono wadogo wanaoishi kwenye maji ya kina kifupi yenye majani. Vikitoka humo hupenya ngozi ya mtu aliyeingia majini, naye hahisi kitu, au anawashwa kidogo tu. Ndani ya mwili hukua kuwa minyoo inayokaa kwenye mishipa ya damu ya utumbo kwa miaka kadhaa. Dalili zake ni maumivu ya tumbo, kuhara, pengine na damu, na uchovu usioeleweka. Asipotibiwa kwa miaka mingi, ini na wengu huharibika, na wapo wanaofikia kutapika damu. Kijana aliyekulia mbali na ziwa, ambaye mwili wake haujawahi kukutana na kichocho, anaweza kupata homa kali, kikohozi na vipele wiki chache baada ya kuogelea. Atameza dawa ya malaria na asipone.

Hapa pana jambo ambalo wazazi wengi hawajalifikiria. Dawa za kichocho zinazogawiwa kwa kampeni huwalenga hasa watoto wa shule za msingi. Mwanachuo wa miaka 21 hayumo katika kundi hilo. Yeye lazima aende mwenyewe kituo cha afya, apimwe choo, apewe prazikwanteli kwa kadiri ya uzito wake. Dawa hii humezwa baada ya kula, na inaweza kuleta kichefuchefu au kizunguzungu cha muda mfupi. Inaua minyoo iliyopo, lakini haimkingi mtu atakayerudi kuogelea Jumamosi ijayo.

Akiwa hapo hapo kituoni, apimwe pia wingi wa damu. Upungufu wa damu ni mwizi mkubwa wa bidii, hasa kwa mabinti wanaotokwa na damu nyingi wakati wa hedhi. Binti wa namna hiyo huona baridi, moyo humwenda mbio, husinzia darasani, na hakuna anayemuuliza habari za hedhi kwa sababu sisi Waafrika tunaona haya. Mama, muulize. Vidonge vya madini ya chuma na kutibu chanzo cha tatizo vinaweza kubadili maisha yake ndani ya miezi michache. Na wote, wake kwa waume, wapimwe macho. Kijana aliyekuwa akikaa dawati la mbele shuleni, sasa anakaa nyuma katika ukumbi wa watu mia tatu, na anachokiona ubaoni ni ukungu.

Pasi ndefu na kukesha

Wanachuo wana msemo wao, "kupiga pasi ndefu", yaani kula mara moja kwa siku, kwenye saa tisa alasiri au hata baadaye, ili mlo huo ubebe asubuhi, mchana na usiku. Wanacheka wanapousema. Lakini ubongo hautunzi akiba kubwa ya chakula chake. Unategemea sukari inayoletwa na damu saa kwa saa. Kijana aliyeingia kipindi cha asubuhi bila kitu tumboni atamtazama mhadhiri midomo tu.

Dawa yake si chipsi mayai ya barabarani kila siku. Matobolwa ya mama ni chakula kizuri cha nguvu, ila hayatoshi peke yake. Yaambatane na karanga. Ugali wenye dagaa na mchicha au mlenda ni mlo wa heshima kabisa, na dagaa wetu wa ziwa wana protini na madini kuliko vitu vingi vya bei ghali. Vijana wanne wanaopika pamoja hutumia fedha kidogo kuliko kila mmoja na sufuria yake, na tena wanaonana kila siku, jambo ambalo tutaona faida yake mbele.

Kuhusu usingizi, wengi wanaamini kwamba msomi wa kweli hukesha. Hilo si sahihi. Kijana wa umri wa chuo anahitaji saa saba hadi tisa za kulala kila usiku. Ni wakati wa usingizi ambapo ubongo hupanga na kuhifadhi yale aliyoyasoma mchana. Anayekesha usiku wa kuamkia mtihani anajaza maji kwenye pipa ambalo ameling'oa kitako. Kahawa na vile vinywaji vya kopo vya kuongeza nguvu humdanganya tu: baada ya saa tano hivi, karibu nusu ya kafeini bado inazunguka mwilini. Aliyekunywa saa mbili usiku asishangae kuona saa saba macho yako wazi, na asubuhi ubongo umelala.

Tunajua mazingira ya chumba cha kupanga. Kuna muziki wa jirani, umeme unakatika, na mbu hawana huruma. Chandarua ni lazima. Simu ilazwe mbali na kitanda. Wenye nyumba nao wanaweza kusaidia: ukipangisha vyumba kwa wanachuo, punguza sauti ya redio baada ya saa nne usiku. Hiyo pia ni sadaka.

Moyo wenyewe unapougua

Kuna kijana ambaye vipimo vyote ni safi, anakula, lakini hana hamu ya kitu chochote. Mpira aliokuwa anaupenda haumvutii. Kwaya ameacha. Ama halali, ama analala kutwa. Anajiona hana thamani, mzigo kwa wazazi. Hali ikiendelea hivyo karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, tunapaswa kufikiria ugonjwa wa sonona. Huu ni ugonjwa, kama malaria ilivyo ugonjwa. Hauji kwa sababu ya kukosa imani, na hauondoki kwa kukemewa. Nao huwapata sana watu wa umri huu huu wa ujana.

Tiba ipo. Kuna mazungumzo na mtaalamu, na kuna dawa ambazo huchukua wiki kadhaa kabla nafuu haijaonekana, kwa hiyo mgonjwa asiache baada ya siku nne akisema hazifanyi kazi. Hapa kwetu Bugando wanao madaktari wa afya ya akili. Anayeona Bugando ni mbali au anaogopa kuonekana anaweza kuanzia hospitali ya wilaya pale Butimba, naye ataelekezwa. Wako wanaosema kijana wa namna hii apelekwe kwenye maombi tu. Aombewe, ndiyo, na apewe Sakramenti. Lakini Kanisa halikuijenga Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971, ili sisi tubaki nyumbani na wagonjwa wetu.

Kijana akisema kwamba heri afe, au kwamba nyumbani wangepumzika asingekuwepo, msimchukulie kwamba anatania. Muulizeni waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumpi wazo jipya. Mara nyingi kunampa nafasi ya kwanza ya kupumua. Asiachwe peke yake usiku huo, vitu vya hatari viondolewe chumbani, sumu za panya na za mimea zikiwa za kwanza, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Mtoto wa jumuiya nzima

Hapa tuseme ukweli ambao huenda hautatupendeza. Jumuiya zetu ndogo ndogo hufanya kazi nzuri ya kuchangia karo. Lakini siku ya kumuaga kijana tunamwita "daktari wetu", "mwanasheria wetu", kabla hajanunua hata daftari. Kila akirudi likizo anaulizwa amebakiza muda gani. Kijana huyo akipata alama mbaya katika somo moja, halioni kama somo moja. Anaona sura za watu arobaini. Basi anaanza kuficha, anaacha kuja jumuiya, anaacha kupokea simu.

Na fedha zina mambo yake. Tangu mwaka 2005 Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu imewawezesha wengi ambao wasingeota kufika chuo. Fedha ya kujikimu, wenyewe wanaiita bumu, huja kwa mafungu, na fungu likiingia mfukoni mwa kijana ambaye hajawahi kushika laki mbili, wiki mbili za kwanza ni sikukuu na wiki zinazofuata ni pasi ndefu. Siku hizi kuna na michezo ya kubahatisha kwenye simu. Wapo waliobeti ada. Mzazi asiyejua kubeti ni nini amuulize jirani mwenye kijana, ataelezwa.

Jambo moja la manufaa makubwa halijulikani vya kutosha. Mwanachuo akiugua kiasi cha kushindwa kuendelea, vyuo vikuu vina utaratibu wa kuahirisha mtihani au masomo kwa sababu ya ugonjwa. Anaandika barua mapema, anaambatanisha cheti cha daktari, anasubiri kibali kwa maandishi, na kama ana mkopo anaitaarifu Bodi kupitia ofisi ya mikopo ya chuo. Akipona anarudi pale alipoishia. Anayetoweka kimya kimya, hata kama alikuwa mahututi, kwenye karatasi anahesabiwa kuwa mtoro, na kurudi kwake kunakuwa kugumu sana. Tofauti kati ya hao wawili ni barua moja, na kwa kawaida aliyeikosesha barua hiyo ni aibu.

Moyo wa kusoma unavyotunzwa

Tuseme sasa kijana ni mzima, anakula na analala. Atautunzaje moyo kwa miaka mitatu au mitano?

Kosa la kwanza ni kusubiri hamu. Vijana wengi husema, "Nikijisikia nitasoma." Uzoefu wa waganga wa akili unaonyesha kinyume: mara nyingi mtu huanza kwanza, na hamu inamfuata njiani. Ndiyo maana kazi ndogo ni bora kuliko azimio kubwa. Badala ya kusema "muhula huu nitasoma kwa bidii", aseme, "Nikimaliza chai ya asubuhi, nitakaa kwenye meza ya dirishani na kufanya maswali matatu ya takwimu." Mwanasaikolojia wa Ujerumani, Peter Gollwitzer, alieleza mwaka 1999 kwamba mpango unaotaja saa au tukio, mahali na tendo lenyewe hutekelezwa zaidi kuliko nia tupu. Bibi zetu walijua hili bila kusoma vitabu: hawakusema "nitalima sana", walisema "kesho jua likichomoza naanzia pale kwenye mwembe."

Kosa la pili ni kusoma kwa mafuriko. Mjerumani mwingine, Hermann Ebbinghaus, alijipima mwenyewe miaka mingi iliyopita, akatoa kitabu mwaka 1885. Aliona kwamba tunachojifunza husahaulika kwa kasi siku za kwanza, na kwamba kukirudia kidogo kidogo kwa siku kadhaa hukitia akilini kuliko kukirudia mara nyingi kwa siku moja. Kwa mwanachuo maana yake ni nusu saa ya somo la leo jioni ya leo, tena keshokutwa, tena wiki ijayo. Afunike daftari na kujiuliza maswali, asilipitishie macho tu. Anayefanya hivyo akifika wiki ya mitihani anaweza kulala.

Na asiwe peke yake. Kundi la watu watatu au wanne lenye siku maalumu lina nguvu ya ajabu, kwa sababu siku ambayo moyo wako umelala, mwenzako anagonga mlango. Wakatoliki vyuoni wana umoja wao, TMCS. Kijana akijiunga humo anapata rafiki, kwaya, na padre mlezi anayemfahamu kwa jina.

Tukumbuke Mwalimu Nyerere. Alipoondoka kwenda Edinburgh mwaka 1949 alikuwa mtu mzima wa miaka 27, ameshafundisha Tabora katika shule ya Mtakatifu Maria, na amemwacha nyumbani mchumba wake, Maria. Alikaa huko mpaka mwaka 1952, akarudi na shahada yake, na Januari 1953 wakafunga ndoa. Watu husimulia akili yake. Mimi hupenda kukumbuka kwamba nyuma yake alikuwapo Padre Richard Walsh wa Wamisionari wa Afrika, aliyekuwa mkuu wa shule ile, ambaye alimjua, akamtia moyo na kumsaidia kupata njia ya kwenda. Hata Nyerere alihitaji mtu mmoja mzima wa kumfuatilia.

Mzazi ufanye nini Jumapili hii

Simu zetu nyingi huenda hivi: "Shikamoo mama." "Marahaba baba. Masomo yanaendeleaje?" "Vizuri." "Haya, soma kwa bidii, tunakutegemea." Simu imekatwa, na hakuna aliyejua kitu.

Jaribu maswali mengine. Jana ulikula nini, na saa ngapi? Ulilala saa ngapi? Unapika na nani? Somo gani linakuchosha, na mwalimu wake ni nani? Umeshapimwa damu na choo tangu ufike Mwanza? Halafu nyamaza, usikilize, hata kama salio linakwisha. Akikiri kwamba ameanguka somo moja, usimtajie ng'ombe. Vyuo vina mtihani wa marudio, na waliofaulu kwa marudio wanafanya kazi katika ofisi na hospitali ambazo wewe unahudumiwa.

Na wewe mama mwenye nyumba hapa Mkolani, ambaye mtoto wa watu amepanga chumba chako cha uani: siku mbili zikipita mlango haujafunguliwa na ndala ziko nje, gonga. Mwulize kama amekula. Ukiona ni mgonjwa, mpeleke zahanati, na chukua simu yake umwombe akupe namba ya mama yake.